Injini Kwanza, Ndege Baadaye: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nguvu na Ndege za Rimoti za Sarakasi

Jumamosi asubuhi, tukishatua ndege ya mwisho na jua likiwa bado halijachoma, watu hutuzunguka. Vijana wa bodaboda husimamisha pikipiki, wanafunzi huacha mpira wao, na wazee waliokuwa wakielekea shambani hukaa kwanza. Kila mmoja ana swali, na ukiyachunguza maswali yao utaona karibu yote yanaizunguka nguvu ya injini. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mara nyingi. Najibu kama fundi anayejenga na kurusha hapahapa Mwanza, kwenye joto na mwinuko wetu.

Kwa nini mnachagua injini kabla hata ya kuchora ndege? Si ndege ndiyo inayobeba injini?

Ndege inabeba injini, ndiyo, lakini injini ndiyo inayoamua ibebwe na kitu cha namna gani. Nenda ufukweni ukamtazame fundi mitumbwi. Mtumbwi wa makasia anauchonga umechongoka pande zote mbili. Ukimwambia utafungwa mashine, anaikata tezi iwe bapa na kuiongezea mbao nene, kwa sababu mashine itaning'inia pale na kusukuma kutokea pale. Hawezi kujenga kwanza halafu aulize baadaye.

Kwetu ni hivyohivyo. Injini ikishajulikana, unajua uzito utakaokaa puani. Uzito wa pua unakwambia pua iwe na urefu gani na mkia uwe mbali kiasi gani ili ndege isimame sawa kwenye kitovu cha uzito. Injini inakupa pia propela, propela inakupa urefu wa miguu, na nguvu inakupa uzito wa mwisho ambao ndege nzima haipaswi kuuvuka. Ukifika hapo, nusu ya mchoro umeshachorwa na hujashika penseli.

Kuna jambo moja ningependa kila anayeanza alielewe mapema: kwenye ndege za sarakasi, nguvu nyingi ni kwa ajili ya kuruka polepole. Ndege yenye nguvu haba inalazimika kukimbia ili ihifadhi mwendo wa kupandia juu. Yenye nguvu ya ziada haina haja ya kukimbia, kwa sababu inaweza kupanda wakati wowote na kutokea popote. Majibu mengi yanayofuata yanatokana na hilo.

Nikifunga injini kubwa kwenye ndege yangu ya kujifunzia, si itafanya sarakasi?

Nililijaribu hilo mwenyewe, na nilipoteza ndege.

Ndege ilikuwa ya mafunzo, bawa juu, lililofungwa kwa raba, na ilichorwa kwa injini ya sentimita za ujazo 6.5. Nilipata injini ya 10 iliyotumika, nikaona nimepata bahati. Injini ile ilizidi ya kwanza kwa gramu kama 200. Pua ikawa nzito, nikaweka kipande cha madini ya risasi mkiani, gramu 70 hivi, ili irudi kwenye mizani. Propela ikawa kubwa zaidi, tangi likawa kubwa zaidi. Ndege ya kilo mbili na nusu ikakaribia kilo tatu.

Hewani ilifanya kile ambacho bawa lake liliumbwa kufanya. Bawa la mafunzo ni bapa chini na limevimba juu, kwa hiyo kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyonyanyua. Kila nilipoongeza moto, yaani nguvu ya injini, pua ilipanda mbinguni. Nikawa naishikilia chini kwa stiki, na mkono umekaza. Mara ya tatu niliishusha kutoka juu ili nipate mwendo wa kufanya kitanzi, yaani mduara wa wima angani. Nikasikia mlio kama nyuki aliyenaswa kwenye karatasi. Zile zilikuwa eleroni, vipande vinavyocheza nyuma ya bawa, zikitetemeka kwa sababu mwendo ulizidi ugumu wa waya uliokuwa umezishika. Mlio ule haukuchukua hata sekunde mbili. Bawa lilikunjika katikati kama kitabu, na kiwiliwili kikaingia kwenye shamba la mpunga mpaka usawa wa bawa. Mwenye shamba alinisaidia kuchimba.

Injini haikuwa na kosa. Nguvu inapoongezeka, vitu vinne lazima viifuate: umbo la bawa, uimara wa kiungo cha katikati, ugumu wa eleroni na waya zake, na nafasi ya kitovu cha uzito. Ukibadilisha injini peke yake, unazigombanisha sehemu za ndege yako.

Nguvu kiasi gani inatosha?

Tunahesabu wati kwa kila kilo ya ndege iliyo tayari kuruka, betri ikiwa ndani. Hivi ndivyo vipimo vya mkono tunavyovitumia, vya umeme unaoingia kwenye mota:

Ndege ya mafunzo inaridhika na wati 150 hadi 200 kwa kilo. Ya sarakasi za kawaida, yaani vitanzi, kubiringika na kuruka kichwa chini, inataka 250 hadi 350. Ya mtindo wa 3D, ile inayoning'inia kwa propela pua ikiangalia juu, inataka 400 na zaidi. Zile kubwa za mashindano ya kimataifa zenye kilo 5 hutumia wati 2,500 hadi 3,000, yaani 500 hadi 600 kwa kilo. Ukitaka kulinganisha na injini za mafuta, kumbuka nguvu moja ya farasi ni wati 746.

Lakini wati hazisemi kila kitu, kwa sababu mota inaweza kula umeme mwingi na kuugeuza kuwa joto tu. Kuna kipimo rahisi ambacho ninakiamini zaidi. Nunua mzani wa ndoano, ule wa kupimia samaki ambao utauona mikononi mwa wachuuzi pale Mwaloni, Kirumba. Funga kamba imara mkiani, ndoano ya mzani kwenye kamba, upande mwingine kwenye nguzo, kisha fungulia moto wote, huku mwenzako ameishika ndege kutokea nyuma ya propela. Soma kilo. Ndege ya kilo 1.5 ikivuta kilo 1, itaruka na kufanya vitanzi ukiipa mwendo kwanza. Ikivuta kilo 1.5, inaweza kusimama hewani lakini haitatoka pale. Ikivuta kilo 2.2 na zaidi, hapo una ndege ya 3D. Hakikisha hakuna mtu amesimama usawa wa mzunguko wa propela. Kipande cha propela kikikatika kinaruka ubavuni kama jiwe la manati.

Kwa nini ndege za mashindano za zamani zilikuwa nyembamba kama mshale, na za siku hizi zina tumbo?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake kuna historia nzima ya nguvu.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege za rimoti yalifanyika mwaka 1960 huko Dübendorf, Uswisi, na Mmarekani Ed Kazmirski akashinda kwa ndege yake Orion. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kanuni za FAI, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, ziliifunga injini kwenye sentimita za ujazo 10. Hebu jiweke kwenye viatu vya mchoraji wa wakati ule. Una injini ndogo ya stroku mbili, inayozunguka kwa kasi kubwa, na propela ya inchi 11 hivi. Huna nguvu ya kuivuta ndege wima kwa muda mrefu. Ufanyeje? Unaikimbiza. Unatafuta mwendo wakati wa kuruka bapa, kisha unaubadilisha kuwa urefu wa kwenda juu, kama mtu anayekimbiza baiskeli kabla ya mlima.

Ndege ya namna hiyo inachukia kila kitu kinachoikamata hewani. Ndiyo maana kiwiliwili chake kilikuwa chembamba, bawa likakaa chini na kuinamia nyuma, na miguu ikakunjwa ndani mara baada ya kupaa, ingawa mitambo ya kuikunja ilikuwa mizito na ikiharibika kila mara. Eksozi ikawa bomba refu lililopimwa, ili mawimbi ya moshi yarudi na kuusukuma mchanganyiko ndani ya silinda, na kila punje ya nguvu ipatikane. Hanno Prettner wa Austria alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1977 kwa Curare, na ukiitazama ndege ile unaona wazi kwamba ilichorwa kwa ajili ya mwendo.

Miaka ya 1980 mambo yakageuka. Zamani rubani alifanya mchezo mmoja mbele ya waamuzi, akaenda mbali kujipanga, akarudi. Mfumo mpya ulimtaka aunganishe michezo bila kupumzika, katikati na pembeni, ndani ya nafasi iliyowekewa mipaka angani. Ndege inayokimbia inatoka nje ya mipaka hiyo kabla hujameza mate. Wakati huohuo injini za stroku nne ziliruhusiwa kufika sentimita za ujazo 20, na baadaye, katika miaka ya 1990, kikomo cha ujazo kikaondolewa. Kilichobaki ni vipimo vya ndege yenyewe: isizidi mita 2 bawa hadi bawa, mita 2 pua hadi mkia, na kilo 5 za uzito, kikomo kilichodumu miaka mingi.

Basi nguvu ikafunguliwa, ukubwa ukafungwa. Wachoraji wakaanza kufanya kinyume cha yale ya zamani. Sasa walitaka ndege ipande na kushuka kwa mwendo uleule, kwa hiyo walihitaji breki ya kushukia. Kiwiliwili kikanenepa na kuwa kirefu kwenda juu. Tumbo lile linakinza hewa wakati wa kushuka, na ubavu wake mpana unafanya kazi ya bawa pale ndege inaporuka kiubavu. Miguu ya kukunja ikatupwa, kwa sababu ukinzani wa miguu iliyo nje haukuwa tatizo tena, na uzito wa mitambo ya kuikunja ulikuwa tatizo. Propela ikakua kutoka inchi 11 hadi 20 na ushee, ikizunguka taratibu. Kanuni za kelele zilichangia hapo. Mota za umeme zisizo na brashi zilipoingia kwa nguvu miaka ya 2000, zikaukuta mchoro huo unazisubiri.

Ndege nyembamba zile bado nazipenda kwa macho. Lakini mpe kijana wa leo airushe moja, utaona anavyotafuta breki.

Propela kubwa inayozunguka polepole, au ndogo inayokwenda kasi?

Kwa sarakasi, kubwa. Propela inaivuta ndege kwa kusukuma hewa nyuma, na ni nafuu kusukuma hewa nyingi taratibu kuliko kusukuma hewa kidogo kwa nguvu. Ndege ikining'inia, nguvu inayohitajika inapungua kadiri kipenyo kinavyoongezeka: propela ya inchi 10 inadai kama asilimia 30 zaidi ya nguvu kuliko ya inchi 13 ili kubeba uzito uleule.

Namba ya kwanza kwenye propela ni kipenyo, ya pili ni hatua yake, yaani ingesonga mbele inchi ngapi kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu kwenye mbao. Hiyo ndiyo inayokupa mwendo. Propela ya 10 kwa 6 ikizunguka mara 10,000 kwa dakika inalenga kilomita 91 kwa saa, na ndege haiwezi kuizidi sana hapo ikiruka bapa. Kwa 3D chukua kipenyo kikubwa na hatua fupi. Faida nyingine ni kwamba ukipunguza moto wakati wa kushuka, propela hiyo inakuwa sahani mbele ya ndege na kuizuia.

Gharama yake ni miguu. Propela ya inchi 13 inahitaji zaidi ya sentimita 16 kutoka kwenye ekseli hadi ardhini hata kabla ya kuacha nafasi kwa ajili ya majani na mashimo, na viwanja vyetu vina vyote viwili. Ndiyo maana karibu ndege zote za sarakasi zina magurudumu mawili mbele na dogo mkiani: ukiinua pua, propela inapata nafasi bila mguu wa tatu wa mbele kuongeza uzito.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam ana ndege na injini kama yangu. Mbona yake inapanda vizuri zaidi?

Kwa sababu yeye yuko usawa wa bahari na wewe uko juu ya mlima bila kujijua. Ziwa letu liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho, joto likiwa sawa, hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 13 hivi. Injini ya kawaida inavuta hewa kwa pistoni tu, kwa hiyo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho.

Hapa kuna mtego ambao umewapoteza mafundi wazuri. Hewa nyepesi inaidhoofisha injini, lakini pia inaifanya propela iwe nyepesi kuzungushwa. Matokeo yake rapa, yaani mizunguko kwa dakika, zinabaki karibu zilezile. Ukisikiliza mlio, utaapa kwamba injini iko sawa. Ukiipima kwa mzani wa samaki, kilo zimepungua. Sikio linadanganya, mzani hausemi uongo.

Tunafanya mambo matatu. Kwanza, sindano ya kabureta inafungwa kidogo, kwa kuwa hewa ikipungua na mafuta lazima yapungue, la sivyo injini iliyopangwa pwani itakuja huku ikitoa moshi mzito na kukohoa. Pili, kipenyo cha propela kinaongezwa. Kuvuta kunakua haraka sana na kipenyo: rapa zikibaki sawa, kutoka inchi 13 hadi 13.5 tu kunarudisha ile asilimia 13 na kidogo juu yake. Kwa mota ya umeme hili ni rahisi, maana mota haivuti hewa na nguvu yake iko palepale. Ila pima ampea kabla hujairusha. Tatu, na ndiyo dawa bora, punguza uzito. Ndege ya kilo 1.5 ikishushwa hadi kilo 1.3, itapanda Mwanza kama mwenzake anavyopanda Dar.

Bawa nalo linaathirika. Mwendo wa chini kabisa kabla bawa halijaachia hewa unaongezeka kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo tua na mwendo zaidi kidogo. Mchoro uliotoka Ulaya ukiongezewa eneo la bawa kidogo hautakudhuru.

Umeme au mafuta: kipi kinabadilisha mchoro zaidi?

Umeme. Injini ya silinda moja inagonga. Kila pigo linatua kwenye ukuta wa mbele wa kiwiliwili, kwa hiyo ukuta huo lazima uwe plaiwudi nene, gundi iwe imara, na mbao za kuzunguka ziongezwe. Mota ya umeme inazunguka laini, ukuta unakuwa mwembamba, na gramu zilizookolewa zinaenda kwenye bawa. Ya pili ni kitovu cha uzito. Tangi la sentimita za ujazo 360 lina karibu gramu 300 za mafuta, na likikaa nyuma ya injini kama kawaida, ndege inakuwa nyepesi pua kadiri muda unavyokwenda. Unaanza na ndege moja unatua na nyingine. Wengine hulisogeza tangi katikati na kufunga pampu. Betri haipungui uzito hata ikiisha.

Mafuta yana heshima yake pia. Unajaza tangi kwa dakika moja na kurudi hewani, na kijana anayejifunza kusikiliza kabureta anajifunza ufundi utakaomlisha hata akiacha ndege. Lakini methanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya injini hizi pamoja na kilainishi kama mafuta ya nyonyo, ni sumu inayopofusha na kuua, na moto wake mchana hauonekani. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Injini ya mashine ya kufyekea majani inafaa?

Inafaa kwa ndege kubwa. Zina sentimita za ujazo 25 hadi 35 na zinatumia petroli iliyochanganywa oili, na petroli ipo kila kona. Shida ni uzito: ilivyo, na klachi, kasha la feni na kianzio chake, ni nzito mno. Ikivuliwa hayo yote inabaki na kilo moja na zaidi, na hapo unaanza kufikiria ndege ya bawa la karibu mita 2 na kilo 5 au 6. Ikianguka si mchezo tena. Usiifanye kuwa ndege yako ya kwanza, wala ya pili.

Yale maboksi meupe ya minofu ya sangara yanaweza kuwa ndege?

Yanaweza, na nimejenga nayo mabawa mengi. Mji huu unasafirisha samaki, kwa hiyo maboksi yaliyopasuka pembe hayakosekani. Oshea kwa sabuni, anika siku mbili, kata kwa waya wa moto. Yana wepesi ambao mbao ya balsa haiwezi kuufikia kwa ujazo uleule, ila hayana mgongo. Weka ufito wa mwanzi uliokauka au bomba la kaboni kutoka ncha hadi ncha, kisha funika kwa gamtepu pana au karatasi ya khaki na gundi nyeupe ya mbao.

Hapa tena injini ndiyo inayotoa amri. Petroli inayayusha maboksi haya kama sukari kwenye chai. Tone moja kutoka kwenye eksozi linachimba shimo. Ukichagua petroli, umeshachagua mbao. Ukichagua umeme, maboksi ya sangara ni yako.

Ndege yangu inavuta kushoto nikiongeza moto. Imepinda?

Huenda haijapinda. Propela inazunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma, kiwiliwili kinataka kuzungukia upande wa pili, na upepo unaotoka kwenye propela unazunguka kama nyoka na kuupiga mkia ubavuni. Elekeza mota kulia nyuzi 2 hivi. Kadiri nguvu inavyokuwa kubwa kuliko ndege, ndivyo pembe hiyo inavyohitajika zaidi. Baadhi ya marubani wa mashindano wamelimaliza tatizo kwa propela mbili kwenye ekseli moja zinazozunguka kinyume, lakini hayo ni matumizi ya pesa nyingi.

Mota inachemka. Nifunge feni?

Feni haihitajiki. Angalia njia ya hewa kutoka. Wengi wanatoboa tundu kubwa mbele na kusahau nyuma, hewa ikaingia na kukaa. Tundu la kutokea liwe mara mbili ya la kuingilia. Ukigusa mota baada ya kutua na ukashindwa kuacha kidole hapo, propela ni kubwa kuliko uwezo wake.

Naweza kuifungia maboya nirukie ziwani?

Inawezekana, na inapendeza kuitazama, lakini maji yanadai nguvu. Maboya yanaongeza uzito na ukinzani, na kabla ya kupaa lazima yapande juu ya maji yaanze kuteleza. Ndege iliyokuwa ikipaa nchi kavu kwa nusu ya moto inaweza kuhitaji moto wote. Isipofika mara moja na nusu ya uzito wake kwenye mzani wa samaki, iache nchi kavu. Ruka asubuhi mapema. Kuanzia saa tano hivi upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi yanakuwa makubwa kuliko maboya yako. Ikizimika katikati, ifuate kwa mtumbwi. Usiingie majini kwa miguu kwenye matete, kichocho kipo.

Kibali je?

Vyombo vinavyoruka bila rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ulizia masharti yao kabla ya kurusha, na upate ruhusa ya mwenye eneo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ufukweni upande wa Ilemela na ndege za abiria hushuka juu ya ziwa, kwa hiyo upande wote huo hatuugusi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, nacho tunakiacha.

Binti yangu ana miaka 12 na anataka ndege ya sarakasi. Aanze na ipi?

Mwanzishe na ya umeme, bawa la mita 1 hadi 1.2, lililokaa juu, uzito chini ya kilo 1, mota ya wati 200 hivi. Akishaweza kuitua mara kumi mfululizo bila kuvunja propela, muongoze kwenye ya pili: bawa la katikati, lenye uvimbe sawa juu na chini, ili iruke kichwa chini bila kugombana naye. Mota ileile ya kwanza inaweza kuhamia humo endapo ndege mpya itakuwa nyepesi, na huo ndio mtihani mzuri kwake. Mpe mota, mzani wa samaki na boksi la sangara, mwambie apime mvuto kwanza, auandike kwenye daftari, ndipo aanze kuchora. Wangu alifanya hivyo. Mota ilivuta gramu 900, akaandika pembeni ya mchoro kwa kalamu nyekundu: isizidi 600. Alipomaliza ilikuwa 640, akarudi kuichonga mkia.